Mvi hazihitaji blichi ili zipate rangi ya dhahabu

Na MWANDISHI WETU

MTU akianza kuota mvi, mara nyingi huona njia mbili tu mbele yake: kuziacha zilivyo au kuzifunika kwa rangi nyeusi. Siku hizi iko njia ya tatu, nayo imefika Kitui, Mwingi, Wote, Makindu na Emali kama ilivyofika miji mingine ya Kenya. Akina mama hukata nywele zikawa fupi, kisha huzipaka rangi ya dhahabu au ya shaba. Wengine ni walimu waliostaafu, wengine ni wafanyabiashara wa sokoni, na wengine ni akina susu wanaotaka tu kupendeza siku ya harusi ya mjukuu.

Hakuna ubaya wowote katika kutaka kupendeza. Ubaya huingia pale njia inayotumiwa inapokuwa ya hatari. Wengi huamini kwamba nywele haziwezi kuwa za dhahabu mpaka kwanza zichomwe kwa blichi. Anayekosa pesa za saluni hujaribu mambo yake nyumbani: dawa ya kung'arishia nguo, limau na jua kali, au unga wowote aliouziwa bila karatasi ya maelezo. Matokeo yake huwa ngozi ya kichwa iliyobabuka, nywele zinazokatika na, wakati mwingine, safari ya hospitali.

Makala haya yanaeleza jambo moja ambalo likieleweka vyema litawaepusha wengi na madhara hayo. Kazi ya blichi ni kuondoa weusi kwenye nywele. Mvi hazina weusi wa kuondolewa.

Mvi ni nini?

Unywele unaoonekana juu ya kichwa hauna uhai. Sehemu iliyo hai ni shina lake, lililo ndani ya ngozi. Humo shinani mna chembe zinazotengeneza rangi iitwayo melanini, na unywele unapokua hutoka ukiwa umekwisha kupakwa rangi hiyo. Melanini iko ya aina mbili. Moja ni nyeusi au kahawia, na nyingine ni nyekundu inayoelekea manjano. Nywele za Waafrika wengi zimejaa aina ile ya kwanza.

Umri unaposonga, chembe hizo hupungua na hatimaye hukoma kufanya kazi. Unywele huendelea kukua, lakini hutoka mtupu, bila rangi. Huo ndio unaoitwa mvi. Kwa kawaida Waafrika huanza kuota mvi wakiwa katikati ya miaka ya arobaini, wakati Wazungu huanza miaka kama kumi mapema zaidi. Urithi ndio unaoamua kwa sehemu kubwa. Aliyeota mvi mapema huenda akagundua kwamba mama au baba yake alikuwa vivyo hivyo.

Blichi ya saluni hutengenezwa kwa haidrojeni peroksaidi na dawa nyingine inayofungua magamba ya unywele. Peroksaidi huingia ndani na kuivunja melanini. Nywele nyeusi hupita kwanza katika wekundu, kisha rangi ya machungwa, kisha manjano, na kadiri zinavyopita ngazi hizo ndivyo zinavyopoteza nguvu. Kwa mtu mwenye nywele nyeusi hakuna njia nyingine ya kufikia rangi ya dhahabu. Hakuna mti, asali wala shampuu inayoweza kupaka rangi hafifu juu ya rangi nzito ikaonekana.

Mwenye mvi yuko mahali tofauti kabisa. Kazi ambayo kijana hulipia saluni, yeye amekwisha kufanyiwa na umri. Kumpaka blichi ni kumwagia dawa kali unywele ambao hauna cha kutoa ila nguvu zake. Anachohitaji ni rangi ya kuongeza tu.

Wasusi wa viondo wanalijua jambo hili

Mama yeyote wa Ukambani aliyewahi kusuka kiondo analielewa jambo hili hata kama hakulisoma darasani. Katani ikishakwanguliwa na kuanikwa huwa nyeupe inayoelekea maziwa. Msusi haichomi kwa dawa ili ishike rangi. Huichovya katika rangi, nayo hushika kwa sababu ilikuwa nyeupe tangu mwanzo. Akitaka rangi ya kahawia hutumia magamba na mizizi ya miti. Akitaka rangi inayong'aa hununua unga wa dukani na kuuchemsha.

Mvi ni kama katani hiyo. Hata hivyo, mfano huu una mpaka wake, na ni lazima usemwe wazi. Katani huchemshwa, kichwa hakichemshwi. Tena zile rangi za unga zinazouzwa kwa ajili ya katani na nguo hazikutengenezwa kwa ngozi ya binadamu. Usizipake kichwani hata kama rangi yake inavutia na hata kama jirani anasema alijaribu akapona.

Aidha, kumbuka kwamba vichwa vingi havina mvi tupu. Mtu mwenye nywele nyeusi zilizochanganyika na nyeupe akipaka rangi isiyo na blichi, zile nyeupe ndizo zitakazogeuka dhahabu na zile nyeusi zitabaki nyeusi. Atapata michirizi. Wengi huipenda michirizi hiyo, lakini ni vizuri mtu aitarajie kabla hajaanza.

Asali, limau na jua

Kitui na Makueni ni nchi ya asali. Asali ya Mwingi na ya Kibwezi inajulikana mbali. Makueni vilevile ni nchi ya machungwa na malimau. Si ajabu kwamba vitu hivi viwili ndivyo vinavyotajwa kwanza watu wanapozungumza kuhusu kubadilisha rangi ya nywele bila dawa za dukani.

Asali ina kimeng'enyo ambacho, asali inapochanganywa na maji, hutengeneza haidrojeni peroksaidi kidogo sana. Kwa hiyo wanaosema kwamba asali huangaza nywele hawakosei kabisa, lakini nguvu yake ni ndogo mno kuweza kuonekana kwenye nywele nyeusi tii. Kwenye mvi, asali haiangazi chochote kwa kuwa hakuna weusi. Faida yake ni kuhifadhi unyevu, hivyo inaweza kuchanganywa na rangi ili kulainisha nywele. Inatosha kijiko kimoja.

Limau ni jambo jingine. Maji ya limau yakipakwa kichwani na mtu akakaa juani, asidi pamoja na jua hukausha unywele na kuufanya ukatike. Zaidi ya hayo, maji ya limau na ya ndimu yakibaki kwenye ngozi wakati wa jua yanaweza kuiunguza, ikatoka malengelenge na kuacha mabaka meusi yanayokaa kwa majuma au miezi. Jua la saa sita mchana la Mutomo au Mtito Andei halihitaji msaada wa limau. Tumia limau kidogo ndani ya mchanganyiko wa hina, kama itakavyoelezwa, kisha lioshe lote kabla ya kutoka nje.

Ama dawa ya kung'arishia nguo, ile ambayo wengi huiita jiki, isikaribie kichwa kabisa. Hiyo si peroksaidi ya saluni. Ina klorini na magadi makali yanayoyeyusha unywele wenyewe na kuunguza ngozi. Ikiingia jichoni inaweza kuharibu uwezo wa kuona. Ikichanganywa na amonia au siki hutoa hewa yenye sumu inayoumiza mapafu.

Rangi zinazofaa kwa mvi

Rangi zinazoweza kuzipa mvi dhahabu bila blichi ni za aina nne. Tuzitazame kuanzia ile isiyodumu.

Ya kwanza ni maji ya majani na maganda. Chai ya kamomili huacha umanjano mwepesi sana. Maganda makavu ya vitunguu yakichemshwa hutoa rangi iliyo kati ya dhahabu na kahawia. Maji hayo huachwa yapoe, yakachujwa, kisha yakamwagwa kichwani mara kadhaa baada ya kuosha nywele. Rangi huondoka baada ya kuosha mara moja au mbili. Kwa anayetaka kujaribu tu aone kama rangi hiyo inamfaa, hii ndiyo njia ya kuanzia.

Ya pili ni manjano, ile ile ya jikoni. Hii hushika mvi kwa nguvu na kuzipa umanjano unaong'aa. Kijiko kimoja cha chai katika nusu kikombe cha mafuta mazito ya kulainisha nywele kinatosha, na dakika 15 hadi 20 zinatosha pia. Ukizidisha utatoka kama mchuzi wa pilau. Rangi ya manjano hupauka juani baada ya siku chache. Pia haipatani na sabuni ya kipande. Mwanamke yeyote aliyefua kitambaa chenye manjano ameona doa likigeuka jekundu linapoguswa na sabuni. Jambo hilo hilo hutokea kichwani, kwa hiyo tumia shampuu isiyo kali.

Ya tatu ni hina na jamaa zake. Hina hutokana na majani ya mti ambao Pwani hupandwa majumbani. Rangi yake hujishikiza kwenye unywele wenyewe na haitoki kwa kuosha, bali hukua na kukatwa. Tatizo ni kwamba hina tupu kwenye mvi haitoi dhahabu. Hutoa rangi ya machungwa, na ikirudiwa huwa nyekundu. Anayetaka dhahabu huichanganya na unga wa sana, mmea ambao wauzaji wengine huuita kasia au hina isiyo na rangi. Unga huo hauonekani kwenye nywele nyeusi, lakini kwenye mvi huacha umanjano wa dhahabu. Sehemu tisa za sana kwa sehemu moja ya hina ni mwanzo mzuri. Kila unapoongeza hina, dhahabu husogea kuelekea shaba.

Ya nne ni rangi za dukani zisizo na amonia wala peroksaidi, zile ambazo hupauka kidogo kidogo kila unapoosha. Soma boksi kabla ya kununua. Rangi nyingi za kimataifa huandikwa kwa tarakimu. Nambari ya kwanza huonyesha uzito: 1 ni nyeusi na 10 ni hafifu kabisa. Nambari inayofuata nukta huonyesha mwelekeo wa rangi, na mara nyingi 3 huwa dhahabu. Kwa hiyo 8.3 au 9.3 ni dhahabu nyepesi. Ikiwa ndani ya boksi mna chupa mbili za kuchanganywa, ujue moja kwa kawaida ni peroksaidi, hata kama jalada linajitangaza kuwa la asili.

Maji ya chumvi yana neno lake

Sehemu nyingi za Kitui na Makueni hutegemea maji ya visima virefu ambayo yana chumvi nyingi. Mahali pengine yana chuma. Maji hayo huacha utando kwenye nywele. Pamoja na moshi wa kuni na jua la mchana kutwa, utando huo ndio hufanya mvi za baadhi ya watu zionekane kama zimechakaa, zikiwa na umanjano mchafu usiopendeza. Rangi ikipakwa juu yake hushika kwa madoa.

Chuma kina kisa kingine. Mpishi ambaye chai yake hugeuka nyeusi anapotumia maji ya kisima fulani anafahamu vile chuma kinavyobadilisha rangi ya majani. Chai, maganda ya vitunguu na hina vyote vinaweza kuharibiwa rangi na maji hayo. Badala ya dhahabu, mtu hupata rangi ya matope.

Dawa yake ni rahisi. Tumia maji ya mvua yaliyovunwa kwenye bati, au yale yanayovunwa kwenye miamba kama ifanywavyo Mutomo na kwingineko. Siku moja kabla ya kupaka rangi, osha nywele kwa shampuu, kisha zisuuze kwa lita moja ya maji iliyotiwa vijiko viwili vikubwa vya siki, na umalizie kwa maji matupu. Siki huyeyusha utando. Si ajabu baadhi ya watu wakifika hapa wakaona mvi zao zimeng'aa kiasi kwamba hawahitaji rangi tena.

Hatua za kufuata nyumbani

Zifuatazo ni hatua za mchanganyiko wa sana na hina kwa mtu mwenye nywele fupi.

1. Siku mbili kabla, paka mchanganyiko kidogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko. Uoshe baada ya nusu saa, kisha ungoje saa 48. Ukiona upele, mwasho au uvimbe, acha kabisa. Kwa rangi za dukani fuata maelezo ya boksi, lakini usiruke jaribio hili hata kama ulishatumia rangi hiyo zamani. Mzio unaweza kuanza mara ya pili au ya kumi.

2. Chukua nywele chache zilizobaki kwenye kitana au zilizokatwa na kinyozi, uzipake na uone rangi itakayotoka. Hili litakuokoa na majuto.

3. Changanya gramu 100 za unga na maji vuguvugu pamoja na vijiko viwili vya maji ya limau mpaka uwe mzito kama uji wa kulisha mtoto. Tumia bakuli la plastiki au la udongo, si sufuria. Acha mchanganyiko ukae saa kadhaa ukiwa umefunikwa.

4. Vaa glavu. Paka mafuta ya mgando kwenye paji la uso, masikio na shingo ili ngozi isishike rangi.

5. Paka kwenye nywele safi zenye unyevu, fungu kwa fungu. Funika kwa mfuko wa plastiki na kitambaa. Mvi zina magamba yaliyobana kuliko nywele nyingine na hushika rangi polepole, kwa hiyo kaa saa moja na nusu hadi saa mbili.

6. Osha kwa maji mengi bila sabuni mpaka maji yatoke safi. Usishtuke rangi ikiwa kali siku ya kwanza. Hutulia na kukolea kwa muda wa siku mbili hivi. Usitumie shampuu katika siku hizo.

7. Rudia kwenye mashina tu. Nywele hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwezi au pungufu, hivyo kila baada ya majuma sita hadi manane inatosha.

Aliyeweka dawa ya kulainisha nywele angoje angalau majuma mawili. Mwenye vidonda kichwani, mapunye au ngozi inayobanduka asubiri mpaka apone. Usipake rangi yoyote kwenye nyusi wala kope. Mama mjamzito hajakatazwa kabisa, lakini madaktari wengi hupendelea angoje miezi mitatu ya kwanza ipite. Hina isipakwe watoto wachanga. Wako watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enyo fulani cha damu, hali inayoonekana zaidi katika maeneo yenye malaria, na hina inaweza kuvunja chembe zao nyekundu za damu.

Ogopa unga mweusi

Kuna rangi moja ambayo ni lazima izungumziwe hata kama nia ya msomaji ni dhahabu. Vinyozi wengi nchini humpaka mteja rangi nyeusi baada ya kumnyoa. Watu wa Pwani huita rangi hiyo kanta, na ikitumiwa kuchora mapambo kwenye ngozi huitwa piko. Wauzaji wengine huiita hina nyeusi. Hina nyeusi haipo. Hina ya kweli hutoa rangi ya machungwa, nyekundu au kahawia. Unga unaogeuza nywele kuwa nyeusi kwa dakika chache una kemikali iitwayo kwa kifupi PPD.

Kemikali hii si ngeni. Imetumiwa katika rangi za nywele tangu mwanzoni mwa karne ya 20, nayo imo hata katika rangi nyingi za dhahabu na kahawia zinazouzwa kihalali. Ubaya wake hutegemea kiasi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya hairuhusiwi kuzidi asilimia 2 katika rangi inayopakwa nywele. Unga unaopimwa kwa kijiko na kuuzwa kwenye karatasi hauna anayejua una kiasi gani. Mwaka 2006 chama cha Marekani cha madaktari wa mzio wa ngozi kiliitangaza PPD kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka huo, ili watu wajihadhari.

Aliyepata mzio wa PPD mara moja, kwa mfano kutokana na piko ya harusini, atabaki nao maisha yake yote. Siku atakayopaka rangi ya nywele, hata kidogo, uso unaweza kuvimba mpaka macho yafumbe. Hali mbaya zaidi ni kuimeza. Hospitali za Sudan, Morocco na India zimepokea wagonjwa wengi waliokunywa unga huo, wengine watoto waliouokota nyumbani. Shingo na koo huvimba na kuziba pumzi, misuli huharibika, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, na figo hukoma kufanya kazi. Usiuweke nyumbani. Kama upo, ufungie mahali ambapo mtoto hafiki.

Msomaji anaweza kuuliza: je, rangi za nywele huleta saratani? Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitoa maelezo mwaka 2010. Lilisema kwamba kazi ya kusuka na kupaka watu rangi kila siku huenda inachangia saratani, lakini kwa mtu anayejipaka mwenyewe ushahidi hautoshi kusema ndiyo wala la. Kwa hiyo mwenye saluni ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu zaidi: avae glavu na afungue madirisha.

Unaponunua rangi ya dukani, tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango nchini, KEBS, tarehe ya mwisho ya matumizi na orodha ya vilivyomo. Kisichokuwa na maandishi hayo kiache hapo hapo.

Dalili za kukimbilia hospitali

Rangi ikianza kuwasha au kuchoma, usivumilie ukidhani ndiyo inashika. Ioshe mara moja kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha umwone daktari.

Uso, midomo au ulimi ukivimba, sauti ikibadilika, au pumzi ikiwa nzito, usingoje kesho. Nenda katika hospitali iliyo karibu, iwe ni ya rufaa ya kaunti mjini Kitui au Wote, ya Mwingi au ya Makindu, na ubebe pakiti ya rangi iliyotumiwa ili daktari ajue anapambana na nini. Aliyemeza rangi asilazimishwe kutapika. Apelekwe mbio, hata kama anasema anajisikia vizuri, kwa kuwa uvimbe unaweza kuja saa chache baadaye.

Nywele zikibadilika zenyewe

Kuna wakati ambapo rangi ya nywele ni ujumbe wa mwili, na kuifunika ni kuuzima ujumbe huo. Mwafrika anayeota mvi nyingi kabla ya kufika miaka 30 anafaa kumwona daktari. Huenda ni urithi tu, lakini huenda pia ni ugonjwa wa tezi ya shingo au upungufu wa vitamini B12. Vitamini hiyo hupatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Isyo na muthokoi ni vyakula vizuri, lakini mahindi na maharagwe hayana B12 hata kidogo. Wazee nao hupungukiwa kwa sababu matumbo yao hushindwa kuinyonya. Mvi zikiandamana na ganzi miguuni, uchovu usioisha, ulimi unaouma au usahaulifu, kipimo cha damu kitangulie rangi.

Na mtoto mwenye nywele zinazogeuka hafifu, nyekundu au za rangi ya majani makavu, zinazong'oka bila maumivu, hakupata nywele nzuri. Hiyo ni dalili ya kwashiakoo, ugonjwa wa utapiamlo ambao Dkt Cicely Williams aliueleza mara ya kwanza huko Ghana katika miaka ya 1930. Katika maeneo ambayo mvua hukosekana msimu baada ya msimu, mzazi akiiona dalili hiyo pamoja na miguu iliyovimba, ampeleke mtoto kliniki siku hiyo hiyo.

Kwa mtu mzima mwenye afya, mvi si ugonjwa wala aibu. Akitaka ziwe za dhahabu, ziko tayari kushika rangi kama katani iliyoanikwa. Anahitaji maji safi, unga anaoujua, subira ya siku mbili za kujaribu, na ujasiri wa kumkatalia anayemwambia kwamba uzuri lazima uchome.